Gome Nililokupa Halikutoka Mlimani

Nasimiyu mama,

Umetoka asubuhi kwenda Bungoma kumuaga shangazi yako, na umesema utapitia Kibabii kwa mwalimu wako wa chuo kabla ya kurudi. Nimeipima safari hiyo kichwani nikaona nina nafasi ya kutosha. Nimeketi mezani na daftari lako la zamani, lile lililobaki na kurasa nyeupe huku nyuma, na nimefunga mlango. Watu wamepita kuleta kuku na mayai ya safari yako. Nimewaambia kupitia dirishani waviache kwa veranda, Mzee Wekesa ana kazi.

Usicheke. Niliacha shule darasa la nne, lakini darasa la nne la wakati wetu si hili lenu. Tulikuwa tunachapwa kwa kila herufi, na herufi uliyochapiwa huwezi kuisahau. Nimesoma Biblia yote mara mbili, na katika kanisa letu hapa Kiminini hakuna mzee mwingine wa rika langu anayesoma tangazo bila kusaidiwa. Kwa hivyo utasoma tu, hata kama mistari inapanda kilima.

Sitakuambia uvae nguo nzito. Sitakuambia ule vizuri, wala usali, wala ujihadhari na wanaume wa huko Ujerumani. Una miaka ishirini na saba, na mama yako alikuambia hayo yote kabla Mungu hajamchukua, akarudia mpaka ukawa unaziba masikio. Mimi nina neno moja, na nitaliandika sasa hivi kabla sijaingia kwenye hadithi, kwa sababu najijua. Nikianza na hadithi nitaifanya tamu, mkono utachoka, nitafunga daftari, na kesho gari litakuja kukuchukua nikiwa bado nacheka na dereva.

Gome nililokupa halikutoka mlimani.

Basi. Limeandikwa kwa kalamu ya wino.

Gunia lile la gome la muiri, mti wetu wa dawa, ulilolianika, ukalisaga, ukalipeleka maabara, ukaliweka katika kitabu chako kama gome safi la msituni, nililichuna kwa ule mti ulio nyuma ya kisima chetu. Sikufika mlimani. Mlima niliuona kwa mbali nikiwa nimeketi Kibomet kwa rafiki yangu seremala, nikinywa chai.

Unakumbuka jinsi ulivyoniomba. Ulikuja hapa jikoni na lile begi lako lenye chupa, ukasema, "Baba, nataka gome la kule juu kabisa, mahali hakuna shamba, hakuna mbolea, hakuna watu. Hilo ndilo nitalinganisha na mengine yote."

Nikakuuliza, "Huu mlima unaujua wewe ama ninaujua mimi?"

"Unaujua wewe, baba. Lakini si twende pamoja? Magoti yako."

"Magoti yangu yana nini?"

"Yanalia. Yanasikika mpaka huku jikoni."

"Yanalia kwa sababu bado yako kazini. Ya wenzangu yamenyamaza, wamezikwa nayo."

Ukacheka, ukaniachia gunia. Nami nilitoka na nia safi, hilo uniamini. Nilibeba panga, nikabeba viazi vya kuchemsha, nikafika Kitale. Pale stendi, nikishuka kwenye gari, goti la kulia lilikataa. Nilisimama nimeshika mlango na kondakta ananiambia, "Mzee, shuka basi, ama tukurudishe?" Watu wakacheka. Mimi, niliyekuwa nashuka futi sitini ndani ya ardhi kwa kamba moja, nimeshindwa na hatua mbili za gari. Nilijikokota mpaka Kibomet. Nikalala huko siku mbili, nikimwambia seremala kwamba nangoja mvua ipungue mlimani. Mvua haikuwako. Siku ya tatu nikarudi kwa njia ya chini, wewe uko chuoni, nikauchuna mti wa nyuma ya kisima mpaka gunia likajaa.

Uongo huo ungekuwa mdogo kama ningeuacha hapo. Lakini nilipokukabidhi gunia ulitoa daftari ukaanza kuniuliza. Mti ulikuwa mkubwa kiasi gani? Udongo ulikuwa wa rangi gani? Nikakupa yote. Nikakupa ndovu aliyesimama karibu na pango, nikakupa askari wa msitu aliyenipigia saluti. Ukauliza mti ulikuwa mbali kiasi gani na mto, nikasema hatua mia mbili, papo hapo, bila kufikiri. Wewe ulikuwa unaandika. Kila nilichosema ulikiandika, na ulikuwa umeinamisha kichwa kama mama yako akichagua mawe kwenye maharagwe. Nilikuangalia nikajiambia, gome ni gome. Mti ni ule ule. Huyu mtoto hatapungukiwa na kitu.

Sikujua ulikuwa unatafuta nini ndani yake. Lakini kuna kitu kingine nilikijua, na hicho ndicho kinachoufanya mkono wangu uwe mzito.

Wewe umezaliwa ukikuta hapa ni nyumba na mahindi. Kabla shamba hili halijakatwa vipande tukanunua, lilikuwa la mzungu mmoja wa ng'ombe wa maziwa. Mimi nilifanya kazi hapa nikiwa kijana, mimi na Ndiwa, yule mzee Msabaoti ambaye siku hizi anakaa juu karibu na msitu. Kazi yetu ilikuwa kuwaswaga ng'ombe waingie joshoni waogeshwe, kupe wafe. Josho lilikuwa mfereji mrefu wa simenti uliojaa dawa. Ng'ombe anarushwa upande huu, anaogelea, anatokea upande ule akipiga chafya. Dawa ilikuja kwa madebe yenye picha ya fuvu la kichwa. Matope yakijaa chini tuliyachota kwa karai na kuyamwaga pembeni, miaka yote hiyo, mahali pamoja. Siku moja ndama alikunywa maji ya josho. Hakufika langoni. Ni mimi niliyemburuta kwenda kumzika.

Josho hilo lilikuwa hapa kwetu, Nasimiyu. Lilikuwa karibu na mti ule.

Mwaka ule ulipokuwa na miaka saba, mto ulikauka. Unakumbuka kidogo, ulikuwa unaenda na mama yako alfajiri na kibuyu chako cha mafuta. Nilikuwa nimewachimbia watu visima kutoka huku mpaka upande wa Bungoma, visima thelathini na kimoja, na mpaka leo hakuna hata kimoja kilichoporomoka. Nenda ukaulize. Alikuja mtu na mashine kwa jirani mmoja akatoboa siku nne akapata vumbi. Mimi niliweka sufuria ya mama yako kifudifudi juu ya udongo usiku kucha, asubuhi nikaangalia matone yaliyoshika ndani yake, nikawaambia chimbeni hapa, na maji yakatoka. Hiyo ndiyo shule yangu na sikufundishwa na mtu.

Lakini kwangu mwenyewe sikuwa na maji. Nilichimba mara mbili nikagonga mwamba. Watu wakaanza kunichokoza pale senta madukani. "Wekesa, wa kwako utachimbiwa na nani?" Maneno hayo yaliniuma kuliko kiu. Nikazunguka shamba lote na sufuria, na mahali pekee iliposhika matone mengi ni pale kwenye josho la zamani. Mfereji ulikuwa bado uko, umejaa majani. Nikaona hata kazi imepungua, shimo limeanzwa na mzungu.

Ndiwa alikuwa amekuja kunisaidia. Alipoona ninapopiga sururu akasimama.

"Wekesa, hapo ni josho, bana."

"Ilikuwa josho. Sasa ni shamba langu."

"Ile dawa umesahau? Si ni wewe ulimburuta yule ndama?"

"Imepita miaka mingapi? Mvua imenyesha mara ngapi hapa? Kitu gani kinakaa ndani ya udongo miaka hiyo yote?"

"Mimi sijui kinachokaa. Lakini ndani ya hilo shimo sitashuka."

"Basi enda ukachunge mbuzi, wacha wanaume wachimbe."

Akachukua koti lake akaenda. Mama yako alisikia kila neno, alikuwa anapepeta mahindi. Akaniuliza, "Baba Nasimiyu, anasema nini Ndiwa?" Nikamwambia Ndiwa ameanza kuwa mwoga na uzee. Basi yeye ndiye akashika kamba. Nilichimba, yeye akavuta karai juu, wiki tano. Na nilipofika kwenye maji nikahitaji mawe ya kujengea ukuta wa ndani. Mawe ya kununua yalikuwa mbali. Nikachukua nyundo nikavunja simenti ya josho lenyewe, nikaishusha kipande kwa kipande, nikakijengea kisima nayo. Nilijisifu kwa hilo. Nilimwambia kila mtu aliyekuja kuona kwamba Wekesa hatupi kitu.

Maji yalikuwa meupe na baridi, hayana harufu. Mchungaji alikuja akayaombea. Mtaa mzima ulikuja na ndoo. Mimi niliweka kiti pale pembeni, kila jioni, watu wanateka na kunishukuru, na mimi nasema karibuni, karibuni. Mama Njoki, jirani yetu, na watoto wake wanne, hawajawahi kunywa maji mengine tangu siku hiyo.

Ndiwa hakurudi kwangu tena. Nilisema ana wivu.

Sasa mikono. Unaijua mikono ya mama yako, jinsi viganja vilivyoanza kuota vipele vigumu kama punje za mahindi, na nyayo pia, na ngozi ya kifua ikawa na madoa. Sisi tulisema ni jembe. Mama Njoki naye akaanza. Tukasema ni jembe. Nikawachemshia gome. Gome langu lilikuwa na jina, unajua, walikuja watu mpaka kutoka Webuye, wenye tumbo, wenye kifua, wazee wasiokojoa vizuri. Wengine walipona, na sijui walipona kwa nini. Nilichemsha kwa maji ya kisima kile. Sikuwa na mengine.

Mama yako alipoanza kuvimba tumbo, hospitalini waliandika ni ini. Nilimrudisha nyumbani nikamchemshia kwa miezi minane. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Nilikuwa nakaa kitandani pale naye namwambia, kunywa yote, Rosa, hata ile ya chini. Alikuwa hataki. Alikuwa anakunywa kwa sababu ni mimi ninayempa.

Sijui kama ni maji yaliyomuua mama yako. Nataka uelewe vizuri hapo. Sisemi ni hayo, na wewe usiseme ni hayo kama hujapima, kwa sababu hujui na mimi sijui. Labda ini lilikuwa na shida yake. Lakini nilivyokuwa nakaa pale na kikombe, hivyo navijua.

Baada ya matanga uliniambia unabadilisha masomo. Ulisema unataka kujua gome lile lina nini ndani, kwa nini lilisaidia watu wa mbali na halikumsaidia mama. Nilijivuna. Nilitembea Kiminini yote nikisema binti yangu atazipeleka dawa zangu ng'ambo. Nawe ukaanza na maji pia, ukapima visima vya watu kumi na wangapi sijui, na chetu. Ukarudi umekunja uso. Ukasema kwa kisima chetu kuna ile sumu, aseniki, imezidi, na kwamba utatafuta kwanza inakotoka kabla ya kuwatisha majirani. Jina hilo sikulijua, lakini ulipolieleza nilijua ni jamaa yangu wa zamani wa madebe ya fuvu.

Ukaniuliza, mbele ya yule mwenzako wa chuo aliyekuja na kamera: "Baba, hapa zamani palikuwa na nini?"

Nikasema, "Mahindi tu."

"Hata kabla yenu? Wakati wa mzungu?"

"Mahindi. Mzungu alipenda mahindi."

Ukaandika.

Tungeweza kuishia hapo, mimi na aibu yangu. Lakini Jumapili ulinisomea kile utakachokwenda kuwasomea watu wa huko, ukinitafsiria mstari kwa mstari. Ulisema umeikuta sumu ile ile ndani ya gome la mlimani, mahali hakuna shamba wala mtu. Kwa hivyo, ulisema, inatoka kwenye mawe ya mlima wenyewe, inashuka na maji chini kwa chini mpaka huku kwetu. Ulisema watu wa juu waonywe kuhusu chemchemi zao na waache gome lao. Halafu ulinishika bega ukasema, "Kwa hivyo usijilaumu kwa kisima, baba. Ni ya asili. Si kosa la mtu."

Nasimiyu, nilifurahi. Nitakuambia ukweli wote basi: nilifurahi. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu tumzike mama yako. Si kosa la mtu, na amesema msomi, na itaandikwa kitabuni. Nilitaka uende nayo haraka kabla hujabadilisha.

Ni jana asubuhi ndipo nilipomwona Mama Njoki kisimani. Alikuwa anavuta kamba kwa vifundo vya mkono, hivi, kwa sababu viganja vimepasuka haviwezi kukunjika. Akaniambia, "Baba Nasimiyu, msichana akienda utabaki na nani wa kukusumbua?" Akacheka. Ndoo ikafika juu, akaishika kwa viwiko. Hapo usingizi wangu ukaisha. Nikafikiri: kule juu kuna watu wataogopa maji yao mazuri, na huku chini huyu mama ataendelea kuteka haya, ati kwa sababu ni ya asili.

Kwa hivyo leo, ulipotoka, nilienda kwake. Alikuwa anasugua mtungi wa maziwa.

"Umeamka na sura gani hiyo? Ni kama ni wewe unapanda ndege."

Nikamwambia. Sikukaa. Niliongea nimesimama mlangoni na kofia mkononi, yote, josho na mawe na matope. Aliendelea kusugua mpaka karibu mwisho. Halafu akaacha.

"Hapo palikuwa josho?"

"Palikuwa."

"Na ulijua."

"Nilijua."

"Miaka ishirini nakuja na ndoo, na wewe umeketi hapo, unaniambia karibu."

"Ndiyo."

Akasimama akaumwaga mtungi. Akamwaga ndoo. Akaenda kwa pipa akaanza kulisukuma. Lilikuwa limejaa, nikaenda kumsaidia.

"Wacha. Usiguse."

Akalisukuma peke yake kwa bega mpaka likaanguka, maji yakatupita miguuni. Nilitaka apige kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya, mimi kelele nazijua. Alikaa tu chini kwenye kile kigoda chake.

"Rosa alikuwa anakuja kuteka akiwa anatetemeka. Mimi nilimbebea ndoo ya mwisho, unajua? Nilifikiri namsaidia."

Akaitazama ndoo yake tupu, kisha akaniangalia.

"Msichana anajua?"

"Bado."

"Unangoja afike huko mawinguni ndio aone kisima?"

"Kazi yake itaharibika."

"Kazi yake? Na mikono yangu? Mwambie leo. Usipomwambia nitamwambia mimi, na nitamwambia vibaya."

Nilirudi nikakata kamba ya kisima. Nimeweka mabati juu na magogo matatu, na jiwe. Kila anayekuja na ndoo namrudisha na namwambia sababu. Nimeshawaambia saba. Mmoja amenitemea mate chini karibu na kiatu. Mwingine amesema mzee amechanganyikiwa kwa sababu mtoto anaondoka. Huyo nilimwambia mara mbili.

Sasa wewe. Najua nimekuharibia. Gome lako safi si safi. Ulicholinganisha nacho kila kitu kimetoka kwenye shimo lenyewe la sumu. Sijui watu wa huko watasema nini ukiwaambia baba yako alikudanganya. Labda watakuambia urudi uanze upya, labda watakungoja. Mimi najua kuchimba tu: ukuta ukianza kwenda kando, hata uwe umefika futi thelathini, unatoka nje unaubomoa mpaka pale ulipopinda. Nilifanya hivyo kwa visima vya watu bila kuambiwa. Kwa changu sikuweza, na nilikuwa na nguvu zaidi wakati ule.

Wewe umesoma mambo ambayo siwezi kukufundisha, lakini kuna kitu kimoja najua kukuzidi, nacho ni jinsi mzee anavyodanganya. Uliniuliza habari za pale kisimani mbele ya kijana mwenye kamera. Siku hiyo ungeniuliza hata jina langu ningelipamba. Mtu kama mimi umuulize akiwa peke yake, mkimenya viazi, na usimwangalie. Umuulize mara mbili kwa siku tofauti. Na akikupa ndovu na askari wa msitu wakati wewe umeuliza udongo, funga daftari, enda ukaone mwenyewe. Ulilipokea gunia langu bila hata kulinusa kwa sababu unanipenda. Hilo si kosa lako na sitaki ulipunguze. Lakini kwa kazi yako, usichukue gunia la mtu yeyote, hata la baba.

Ndiwa bado yuko hai. Kama mwalimu wako atakubali kuahirisha safari, mwende na Ndiwa, atawaonyesha miti ya kweli ya kule juu. Msimtaje Wekesa mpaka amekubali. Baadaye mwambieni kwamba nimesema alikuwa sawa. Mimi mwenyewe sijawahi kumwambia hilo mtu yeyote, kwa hivyo yeye atakuwa wa kwanza kulisikia, baada yako.

Na sasa uchukue kalamu yako, kwa sababu haya ni ya kuandikwa. Kisima kina futi arobaini na mbili, na maji yanaanzia thelathini na sita. Kichwa cha josho, pale ng'ombe walipoingilia, kilikuwa hatua kumi na moja kutoka kisimani, upande jua linakochomoza. Matope tuliyamwaga kati ya josho na mti, na mizizi ya mti imepita humo. Ukuta wa kisima kutoka chini mpaka kifuani mwa mtu ni simenti ya josho. Gome nilichuna upande unaotazama kisima, mara moja, kwa panga. Kovu liko, lipime. Hakuna ndovu.

Ulipokuja kunisomea Jumapili ulikuwa umeandika kitu pale mwanzo, nikakuuliza ni nini, ukasema ni shukrani kwa mkulima mmoja wa Kiminini aliyeleta gome. Toa shukrani hizo. Andika kwamba aliyechimba kisima juu ya josho, akijua, ni Wekesa, na useme ni baba yako, au usiseme, hilo ni lako.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya nguo zako ndani ya sanduku, uikute huko mbali mahali huwezi kuniangalia. Nimebadilisha. Nitaiweka hapa mezani, juu ya pasipoti yako, ili usiweze kuchukua moja bila nyingine. Mimi nitakuwa nje kwa ngazi ya jikoni. Ukimaliza kusoma usiniite ndani, na usimtume mtu. Toka wewe mwenyewe, uniangalie, useme lolote ulilo nalo. Sitajibu. Nimeshuka mashimo mengi na sikuwahi kuogopa, na leo naogopa mlango wa nyumba yangu ukifunguliwa.

Mbwa wanabweka kule njiani. Nadhani ni wewe.

Baba yako aliyekuchunia gome,
Wekesa